Albamu ya Makombo

Nina hasira za karibu, na sijawahi kulificha hilo. Ndiyo maana siku binti wa mwimbaji wetu alipotangaza mbele ya watu kwamba baba yake amezaliwa bubu, niliyeruka kitini ni mimi, siyo baba mwenyewe. Tulikuwa nyumbani kwao Somanda, tumekaa uani tunakula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na karanga. Mtoto wa jirani alikuwa amemsalimia mwenye nyumba, akaitikiwa kwa kichwa tu, akamuuliza binti kwa nini baba yake hajibu. Binti akasema huku anatafuna, "Baba yangu haongei. Amezaliwa hivyo hivyo."

"Weee!" nikamwambia. "Nani amekudanganya? Baba yako akiimba hapa Bariadi walikuwa wanamsikia mpaka Nyalikungu!"

Akaniangalia kwa huruma kabisa, kisha akamgeukia mwenzake akamwambia, "Shangazi anapenda utani." Wakacheka wote wawili, wakarudi kwenye mchezo wao.

Baba yake alipiga makofi mawili. Hivyo ndivyo anavyomwita, kwa makofi. Mtoto akaja, akafutwa karanga kidevuni, akaachiwa. Halafu baba akachukua simu yake, akaandika, akanigeuzia kioo nisome: "Muache. Angejulia wapi?"

Maneno yale yaliniuma vibaya. Nilijifanya naenda kunawa, nikalia nyuma ya jiko la mke wake kama mtu aliyefiwa. Maana ni kweli, angejulia wapi? Mtoto huyu alikuwa tumboni baba yake alipopelekwa Mwanza, koo limeshaharibika, na madaktari wakaondoa kile kinachotoa sauti ili wauokoe uhai wake. Wakamwachia tundu shingoni la kupumulia, analifunika kwa kitambaa cheupe. Aliporudi, mke wake akajifungua. Tangu azaliwe, yule mtoto hajawahi kusikia baba yake akisema hata "marahaba", hata "acha".

Basi pale pale nyuma ya jiko nikaamua. Tunatoa albamu. Apende asipende mtu, huyu mtoto atamsikia baba yake.

Sisi tulikuwa bendi ya roki. Najua watu wanacheka nikisema hivyo, roki Bariadi wapi na wapi, lakini ndivyo tulivyokuwa: watu wanne, magitaa ya umeme yenye sauti ya kukwaruza, dramu, na maneno ya Kisukuma. Mwimbaji alikuwa anaimba na kupiga gitaa la ridhimu. Kulikuwa na mpiga solo, kijana msafi msafi ambaye sasa yupo ofisi za serikali na anavaa kitambulisho shingoni hata Jumapili. Kulikuwa na mpiga dramu, fundi wa kuchomelea mageti, mtu mpole asiyeweza kuongea taratibu kwa sababu masikio yake yameshachoka. Na mimi kwenye besi, mwanamke peke yangu, fundi cherehani, niliyejifunzia besi kwenye kwaya mpaka mchungaji akaniomba kwa upole nipunguze.

Tulipiga kwenye harusi, minadani, kwenye sherehe za msimu wa pamba. Albamu hatukuwahi kutoa. Kila mwaka tulisema mwaka kesho, kwani haraka ya nini, sauti ipo na sisi tupo. Halafu sauti ikaanza kukauka, tukasema ni mafua, tukasema ni vumbi la viwanjani. Haikuwa vumbi.

Nilivyokuwa na hasira siku ile, sikusubiri hata kesho yake. Nilimpitia fundi mageti karakanani kwake, nikamwambia, akazima mashine yake akasema kwa kupayuka, "Dada, nimo!" Tukaenda wote kwa mpiga solo. Yeye ndiye aliyekuwa anatunza memori kadi yenye vitu vyetu vyote: tulivyojirekodi jukwaani, na yale mengine ya mazoezini, nyimbo tulizoanza tukakosea, tukacheka, tukaziacha katikati.

"Hivyo siyo vitu vya kutoa," mpiga solo akasema. "Hayo ni makombo, dada. Utawapa watu makombo?"

"Makombo ndiyo tuliyobaki nayo," nikamwambia. "Kama una chungu kizima mahali, kilete."

Mwisho akakubali, ila kwa sharti kwamba yeye ndiye aipeleke kadi studio, Mwanza, kwa fundi anayemwamini, ili kitoke kitu cha kisasa. Nikaona sawa. Mimi nilichotaka ni sauti ya mtu mmoja tu itoke mle ndani, mengine yalikuwa yao.

Siku ya kusikiliza tulikutana tena pale Somanda, sebuleni kwa mwimbaji. Alikuwa amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi, na kitambaa kipya shingoni. Mke wake, ambaye ananiita wifi kwa sababu mimi na mume wake tumeshakuwa ndugu, alikuwa amekaanga maandazi. Mpiga solo akaunganisha simu yake na spika, akakaa akanyoosha miguu.

Jamani, ilikuwa safi. Siwezi kusema uongo, ilikuwa safi mno. Gitaa lilikuwa linasikika kila uzi. Besi yangu, ambayo jukwaani ilikuwa inafunikwa na kila mtu, sasa unaisikia inatembea. Sauti ya mwimbaji ilikuwa imeoshwa, haina mtu anayepiga miluzi, haina jenereta, haina mama anayemwita mtoto. Wimbo unaanza, unaisha, kimya. Mwingine unaanza, unaisha, kimya. Fundi mageti alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamtoka, wala hayafuti.

Mwimbaji alisikiliza mpaka mwisho, ameinama, mikono kwenye magoti. Ilipoisha akainua uso. Nilitegemea atatabasamu. Akatikisa kichwa: hapana. Akaandika kwenye simu, akampa mpiga solo. Mpiga solo akasoma kwa sauti: "Jina liko wapi?"

"Jina gani? Jina la albamu?" akauliza.

Mwimbaji akapiga goti lake kwa kiganja, akaandika tena, vidole vinakosea kwa haraka. "Majina. Mmekata majina."

Hapo lazima nieleze. Kwetu mwimbaji haimbi tu akashuka. Akifika katikati ya wimbo anaacha maneno ya wimbo, magitaa yanaendelea chini chini, anaanza kuwataja watu: yeye mwenyewe ni mtoto wa nani, aliyeko mbele ni nani, aliyekuja kutoka mbali ni nani. Bila kutaja watu, umeimbia ukuta. Sasa yule fundi wa Mwanza alikuwa ameyaona maneno yale ni kelele, akayakata yote kwenye kila wimbo, na mpiga solo akamsifia.

"Bro, zile ni kelele za jukwaani," mpiga solo akasema. "Nani atamsikiliza mwenyekiti wa kijiji gani sijui amefika? Mbona nyimbo zako zipo zote?"

Mwimbaji alisimama akatoka nje. Sijawahi kumuona akiondoka mbele ya wageni. Sote tukamgeukia mke wake.

Wifi yangu akakaa pale alipokuwa amekaa mume wake. "Hamjui anachotafuta?" akasema. "Mtoto wetu ana jina la marehemu mama mkwe. Alifariki kabla sijajifungua, tukampa binti jina lake. Sasa mume wangu hajawahi kumwita binti yake kwa jina. Anampigia makofi. Lakini jina hilo alishalitaja zamani, akiwa na sauti, kule Lagangabilili. Mmesahau?"

Nilikuwa sijasahau. Nilikuwa tu sijawahi kuliunganisha na mtoto.

Mwimbaji wetu maisha yake yote alimwita mama yake "mayu", kama sisi sote tunavyowaita mama zetu. Jina la mzazi hulitaji ovyo, utaonekana huna adabu. Lakini siku ile ya Lagangabilili alilitaja, tena kwa kipaza sauti, kwa sababu tulikuwa tunashindwa.

Ilikuwa sherehe ya mavuno, na waandaaji walikuwa wametupambanisha na kundi la ngoma la wanakijiji. Mashindano yetu hayana majaji wa kukaa mezani. Makundi mawili yanawekwa uwanja mmoja, hili huku, lile kule, yanapiga wakati mmoja, na watu wanakwenda wanakopenda. Mwenye watu wengi ndiye mshindi. Sisi tulianza na watu wengi, maana umeme ulikuwa mgeni. Halafu ngoma za wale jamaa zikaanza kuwavuta mmoja mmoja, na katika waliohamia kule alikuwemo mama yake mwimbaji, mwanamke aliyekuwa anasema wazi kwamba magitaa yetu yanamuumiza meno. Mwimbaji alipomuona mama yake mzazi amekaa upande wa maadui na kigoda chake, akapagawa. Akaacha wimbo. Akamwita kwa jina, mbele ya umma wote: njoo huku, njoo kwa mtoto wako! Na yule mama akainuka, akabeba kigoda chake, akakatiza uwanja mzima peke yake akaja kukaa mbele yetu. Uwanja ulilipuka kwa vicheko.

Kwa miaka yote iliyofuata mimi nimekuwa nikisema siku ile tulishinda sisi.

"Basi irudishwe," nikamwambia mpiga solo. "Leo hii mpigie fundi, arudishe kila neno."

Mpiga solo akaanza kuchezea kile kitambulisho chake. "Haiwezekani," akasema. "Alipomaliza kusafisha aliifuta kadi. Nilimwambia aifute, ili tusichanganye safi na mbovu."

Maneno niliyomwambia siwezi kuyaandika hapa, na mengine yalikuwa ya Kisukuma ambayo hata wifi yangu alijifanya hayasikii. Nilimuuliza kama ana akili timamu au ofisi imemnyonya zote. Yeye akawa anasema dada nisikilize, dada kelele zile zingetuaibisha. Fundi mageti alitushika mikono kila mtu upande wake mpaka nikaishiwa pumzi.

Nilipotoka nje nilimkuta mwimbaji amesimama karibu na banda la kuku. Nikamwambia kilichotokea, kila kitu, maana kumficha nisingeweza. Hakukasirika. Alivuta pumzi kupitia lile tundu lake, akaandika: "Basi." Neno moja tu. Mimi nikamnyang'anya simu mkononi nikaandika chini yake: "Thubutu. Siyo basi." Nikamrudishia.

Wiki zile sikushona nguo ya mtu kwa utulivu. Niliuliza kila mtu aliyewahi kufika kwenye sherehe ile. Simu nyingi zilishakufa, zilishaibiwa, zilishabadilishwa kwa mbuzi. Mwenye duka la kuweka nyimbo kwenye simu pale mjini alinitafutia mpaka akachoka, akasema ana nyimbo zetu za harusi tatu, lakini Lagangabilili hana. Nilianza kuogopa kwamba jina lile limekwenda na yule mama kaburini.

Aliyetuokoa ni fundi mageti, na alikumbuka akiwa juu ya paa la mtu, akanipigia simu huku anapayuka. "Dada! Yule mpelelezi!"

Kwenye ngoma za ushindani kila kundi lina mtu wake wa kwenda kusimama kwa wenzao na kusikiliza wanaimba nini, ili akamweleze manju, yaani kiongozi na mtunzi wao, naye manju awatungie jibu palepale. Siku ile mtu mmoja alikuwa amesimama mbele ya spika yetu, ameinua simu ya batani juu, hachezi, hacheki. Sisi tulidhani ametupenda sana. Kumbe alikuwa mpelelezi wa kisasa, anaturekodi.

Kesho yake tukapanda bodaboda mbili, mimi na fundi mageti, tukaenda Lagangabilili, tukapita majengo mapya ya ofisi za wilaya, tukaingia ndani kwa njia ya mashambani mpaka kwa manju mwenyewe. Tulimkuta anaswaga ng'ombe kuingia zizini. Mtu mrefu, mkavu, na shingoni ananing'iniza redio ndogo ya kadi kwa kamba ya katani. Nikapiga goti nikamsalimia kama inavyotakiwa. Akaitikia, akatukaribisha vigoda, akatutazama kwa muda.

"Ninyi siyo wale wa kelele za umeme?"

"Ndiyo sisi, baba."

"Mliochapwa hapa?"

Damu ikanipanda. "Tulichapwa na nani, baba? Si mlibaki na mbwa na wauza miwa tu kule kwenu?"

Fundi mageti akanifinya paja mpaka nikaruka. Manju alicheka sana, akawaita wake zake na watoto na majirani waje waone watu wa umeme wamekuja wenyewe. Walipokusanyika, nikameza mate nikamweleza shida yetu tangu mwanzo: koo la mwimbaji, mtoto, makofi, jina. Niliongea Kisukuma chote nilichonacho. Yule mzee aliacha kucheka. Akavua ile redio shingoni, akaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, akabonyeza bonyeza.

"Hii ndiyo siku yangu," akasema. "Naisikiliza nikichunga."

Zilianza ngoma zao, nzito, na sauti yake manju akitutukana: watu wa umeme, jenereta likizimika mtaimba na nini, na pua? Majirani wakashangilia kama vile ni jana. Halafu simu ya mpelelezi ikasogea kwetu. Gitaa likakwaruza. Besi yangu ikaja, imevimba, mbaya kabisa. Na kisha yeye. Sauti yake ilivyokuwa, siyo ile iliyooshwa Mwanza, yenyewe, na vumbi lake na jeuri yake. Akaacha wimbo. Akamwita mama yake kwa jina, mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, na njoo huku juu yake.

Fundi mageti alijifunika uso kwa kofia. Mimi nilikuwa nimeshika kinu kwa mikono miwili, sijui nilitaka kwenda nacho wapi.

"Nitawapa," manju akasema. "Lakini kwanza mama, sema mbele ya hawa watu wangu, siku ile alishinda nani?"

Alinipata pale penyewe. Miaka yote nimeapa kwamba tulishinda. Nimegombana na watu sokoni. Nilitaka kumwambia kwamba mama mmoja mwenye kigoda ana uzito kuliko uwanja wake mzima. Nikamfikiria yule mtoto anatafuna michembe anasema amezaliwa hivyo hivyo.

"Mlishinda ninyi," nikasema.

"Sijasikia."

"Mlitushinda, baba! Mlitushinda vibaya!"

Vigelegele vilipigwa mpaka ng'ombe wakashtuka. Manju akaniambia wabeja sana, ahsante, kwa heshima kubwa, lakini hakuwa amemaliza. Akataka na kwenye kaseti yetu, ndivyo anavyoiita albamu, iandikwe kwamba siku ile tulishindwa, na ngoma zake zisipunguzwe hata kidogo. Nikakubali yote. Tukaongozana naye mpaka dukani Lagangabilili, maana kadi yake hakutaka itoke machoni pake, na akasimama nyuma ya kijana wa duka mpaka nakala ikakamilika.

Mpiga solo alipoisikia alishika kichwa. Alisema haiwezekani, ngoma za watu zimetufunika, gitaa lake halisikiki kabisa, na juu ya hayo tunajitangaza tumeshindwa. Bendi gani duniani inatoa albamu kutangaza kwamba imeshindwa?

"Sisi," nikamwambia. "Tena hii ndiyo inafungua. Na kwenye nyimbo zilizobaki tunaweka yale ya mazoezini, fundi mageti ameyapata kwenye simu yake ya zamani, tulivyokosea na kucheka, maana mle yumo anaongea. Hakuna kinachooshwa."

"Tutachekwa, dada."

"Tuchekwe. Wewe ulitaka watu wasikie bendi. Mimi nataka mtoto asikie baba yake. Kama hutaki, gitaa lako nitaliacha limefunikwa hivyo hivyo na wala sitakutaja."

Akaisikiliza tena, mara hii bila kushika kichwa. Vile vicheko vya watu, yule mama alipobeba kigoda akakatiza uwanja, vinasikika. Baadaye akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa amesahau kama tuliwahi kupiga kwa moyo namna ile. Akaenda Mwanza mwenyewe, safari hii akakaa na fundi bega kwa bega kumzuia asikate kitu. Sijamsamehe yote, lakini nusu nimemsamehe.

Albamu ilipokuwa tayari, tulikutana Somanda mchana wa Jumapili. Wifi yangu alikuwa amemvalisha binti gauni nililomshonea, na tulikuwa tumepanga tumkalishe katikati, tumweleze vizuri, tumwandae, ndipo tuwashe. Mtoto hakuwa na habari na sisi. Alikaa kidogo, akaona watu wazima wana sura za msibani, akatoroka kwenda uani kucheza na wenzake. Mama yake akataka kumfuata. Mwimbaji akamzuia kwa mkono, akaonyesha redio: washeni tu.

Ngoma za manju zikajaa sebule. Mpiga solo akajikunyata. Mwimbaji alikuwa amekaa kwenye kochi lake linalotazama mlango, glasi ya maji mkononi, na nilikuwa naona kitambaa chake cha shingoni kinavyopanda na kushuka haraka haraka. Gitaa likaingia. Wimbo ukaenda, ukaachwa njiani. Na yeye, kutoka kwenye ile redio, akaita jina.

Kule uani kelele za watoto zilikatika.

Akaita mara ya pili. Njoo huku!

"Abee!" tukasikia.

Tukasikia na miguu yake, pa pa pa, inazunguka nyumba. Akatokea mlangoni anahema, vumbi mpaka magotini, wakati jina linaitwa mara ya tatu. Akaangalia spika. Akamwangalia fundi mageti, akamwangalia mpiga solo, hakuna aliyefungua mdomo. Kisha akamwangalia baba yake, ambaye alikuwa amesimama bila mwenyewe kujua, na uso wote umelowa.

"Ni wewe umeniita?" akamuuliza.

Baba yake akainamisha kichwa kuonyesha ndiyo.

Mtoto hakushangaa sana, watoto hawana muda huo. Alisogea mpaka mbele yake, akakutanisha mikono kwa adabu, akasimama wima kama anavyosimama mtoto yeyote wa Kisukuma aliyeitwa na mzazi, anasubiri kutumwa.

Mwimbaji akaangalia huku, akaangalia kule. Hakuwa na la kumtuma. Akanywa yale maji yaliyokuwa kwenye glasi, yote, kwa kukazana, kisha akamkabidhi glasi tupu.

"Maji, baba?" binti akauliza. Akaipokea kwa mikono miwili, akaenda jikoni kumletea.